Ukisafiri na wazazi, anza na nchi ambako mama ataomba chumvi mwenyewe

Hapa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, mtu akipata pesa kidogo, anaanza kuota kumpeleka mama yake Dubai. Mimi nawaambia ndugu zangu: safari ya kwanza wapelekeni wazee Zambia. Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda na Papa na Mama hadi Livingstone, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), siku tisa kwenda na kurudi. Papa ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Mama ana presha.

Sababu yangu ilikuwa lugha. Mama alikulia upande wa Sakania, karibu na mpaka wa Zambia, na Kibemba, lugha inayosemwa pande zote mbili, anakisema tangu utoto. Kifaransa chake ni cha salamu tu, Kiingereza hana. Nchi ya mbali angekuwa anangoja nimtafsirie kila kitu, hata kuuliza choo kiko wapi, na mtu mzima akifikia hapo hunyamaza, akikaa kitini na mkoba mapajani hadi siku ya kurudi. Lakini tulipovuka mpaka pale Kasumbalesa na kufika Chililabombwe, mimi ndiye niliyemfuata yeye. "Mulishani, bamayo!" alimsalimu mwuza karanga, na dakika kumi baadaye walikuwa wanaulizana habari za koo. Basi la Kitwe alilitafuta yeye, na nauli aliiuliza yeye. Sijamwona na uso ule tangu tukiwa wadogo.

Kabla ya kutoka, pitieni ubalozi mdogo wa Zambia hapa mjini muulize habari za viza, maana masharti hubadilika. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano mwe nayo wote. Dawa za wazee zikae ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Zambia ni wakali juu ya dawa: diphenhydramine, iliyomo ndani ya dawa nyingi za mafua na mzio, imewahi kuwatia wageni matatani. Mfuko wa dawa za mama upekueni nyumbani, msingoje mpekuliwe mpakani.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni la maji. Kutoka mpakani hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Lusaka hadi Livingstone ni karibu 480. Mama, kwa kuona haya kumwomba dereva asimame, aliacha kabisa kunywa maji. Tulipofika Kabwe kichwa kilikuwa kinampasuka, na mimi nilidhani ni presha. Mzee hatakuambia, ataficha. Kwa hiyo kateni njia vipande: sisi tulilala Kitwe, tukalala Lusaka usiku mbili, na wakati wa kurudi nilikuwa ninasema na dereva mapema, kabla mama hajapanda. Alikunywa maji yake, kichwa hakikuuma tena.

Na mshikeni mkono barabarani. Wenzetu wanaendesha upande wa kushoto. Pale Cairo Road, Lusaka, Papa aliangalia upande aliouzoea kwa miaka yote, akaweka mguu barabarani, na gari likamjia kutoka upande mwingine. Namshukuru Mungu nilikuwa karibu.

Sasa chakula. Watu walinishauri nibebe chakula cha nyumbani kwa ajili ya wazee. Msihangaike. Nshima ni bukari yetu, yaani ugali, na ule unga wa mahindi wa mifuko ya kilo 25 tunaoula Lubumbashi, mwingi unatoka huko huko. Papa alilalamika kidogo kwamba hawachanganyi na unga wa muhogo, akala akamaliza. Livingstone, karibu na hoteli za watalii, mtawekewa viazi vya kukaanga na nyama ndani ya mkate, na wazee watakula nusu kwa adabu. Wapelekeni soko la Maramba. Huko Mama alikuta ifisashi, majani yaliyopikwa na karanga, akakuta samaki wa mtoni, akakuta na chikanda, ile ya mizizi ya okidi iliyopondwa na karanga ambayo mama yake alikuwa anaipika. Aliomba chumvi, akaiongeza mwenyewe, akamweleza mpishi kwa nini. Mpishi alikuwa Mtonga, Kibemba akikisikia kwa shida, lakini jambo la chumvi alilielewa.

Maana kule kusini Kibemba kinapungua. Asubuhi ya kwanza watu walimsalimu "Mwabuka buti?" naye akanishika mkono, akakaa kimya. Nilimwandikia salamu tatu za Kitonga kwenye karatasi, akazisoma usiku kucha. Kesho yake alimsalimu kila mtu aliyepita, hata watoto wa shule.

Mwezi wa sita maji bado ni mengi na mvua hakuna, ila usiku ni baridi, wazee wabebe sweta. Mkingoja hadi mwezi wa kumi, upande wa Zambia mtakuta jiwe kavu kwa sehemu kubwa. Makoti ya mvua hukodishwa pale pale. Njia ya kushuka Boiling Pot, pale maji yanapozunguka chini korongoni, msiijaribu na mtu wa magoti mabovu, na chakula kifichwe, nyani wananyang'anya. Mama alipofika ukingoni, amelowa hadi kwenye kitambaa cha kichwa, alimwuliza mlinzi maana ya jina. Moshi unaonguruma, akajibiwa. "Mosi ni moshi?" Akacheka kwa sauti. "Hata hiki nakijua."

Papa alitaka daraja, lile la reli karibu na maporomoko. Alifanya kazi ya reli miaka 31, na tangu tulipotoka nyumbani hakuulizia maji hata mara moja. Kwenda darajani unaomba kikaratasi kwa watu wa uhamiaji wa Zambia, kwa sababu ng'ambo ni Zimbabwe. Ombeni asubuhi, kabla jua halijawa kali na foleni haijarefuka. Tulitembea polepole, tukisimama kila hatua ishirini. Daraja lilimalizika mwaka 1905, na reli hiyo hiyo ikasogea kaskazini hadi ikafika kwetu mwaka 1910, mji ukiitwa bado Élisabethville. Papa aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya chuma. "Milimita 1,067 kutoka chuma hadi chuma," alisema, "sawa na ya kwetu." Akaniomba nimpige picha hapo, akiwa ameyapa mgongo maporomoko, na reli ionekane vizuri.