Uwiano wa D na G unapanda pamoja na joto: je, mkaa wa vifuu unaharibika?

Swali: Nimechoma vifuu vya nazi ndani ya naitrojeni kwa nyuzi 500, 700 na 900 za Selsiasi, nikavipima kwa Raman (kipimo kinachosoma mitikisiko ya atomi kwa mwanga wa leza unaotawanyika), leza ya nanomita 532. Uwiano wa vimo vya D na G, vilele viwili vikuu vya kaboni kwenye grafu, umetoka 0.60, 0.85 na 1.05. Nimesoma kwamba D ni alama ya kasoro. Je, joto linaniharibia kaboni? Halafu grafu ya 500 imeinama vibaya, vilele havionekani sawasawa.

Jibu: Haiharibiki, inajipanga. Tatizo liko kwenye tafsiri ya D.

Kilele cha D, karibu na 1350 cm⁻¹ (kizio cha nafasi ya kilele kwenye grafu), hutoka kwenye pete za atomi sita zinapotanuka na kusinyaa kwa pamoja. Ndani ya grafiti safi mtikisiko huo hauonekani mpaka pawe na kasoro au ukingo, na hapo ndipo sifa yake mbaya ilipoanzia. G, kati ya 1580 na 1600, haihitaji pete: jozi yoyote ya kaboni zenye muungano wa sp² (ule wa bapa, kama wa grafiti) huitoa, hata zikiwa kwenye mnyororo. Mkaa wa nyuzi 500 una pete chache zilizoshikana. Ukipandisha joto, hidrojeni na oksijeni hutoka, pete huungana, na D hupanda kwa sababu sasa pete zipo.

Watafiti Tuinstra na Koenig walionyesha mwaka 1970 kwamba uwiano wa D kwa G hupungua kadiri upana wa fuwele, La, unavyokua. Kwa leza ya kijani kanuni hiyo huandikwa La = 4.4 ÷ uwiano, jibu likiwa katika nanomita. Ukiitumia kwa namba zako, fuwele "zinapungua" kutoka 7.3 hadi 4.2. Lakini watafiti wengine, Ferrari na Robertson, walieleza mwaka 2000 kwamba chini ya nanomita 2 hivi uhusiano hugeuka: uwiano ni takribani 0.55 × La². Kwa njia hiyo unapata nanomita 1.0, 1.2 na 1.4, yaani zinakua. Yachukue kama makadirio tu, kwani kigezo hicho kilipimwa kwa leza ya 514.

Utajuaje uko upande gani? Tazama upana wa G kwenye nusu ya kimo chake. Ukizidi 50 cm⁻¹, kanuni ya 1970 iache. Upana huo, kwa maoni yangu, una maana kuliko uwiano wenyewe: unapaswa kupungua kutoka 500 hadi 900. Ukipungua huku uwiano ukipanda, huna cha kuhofia.

Mwinamo wa sampuli ya 500 ni floresensi (mng'ao unaofunika vilele) ya lami na hidrojeni iliyobaki. Usikimbilie kuongeza nguvu ya leza. Mkaa ni mweusi, hufyonza karibu mwanga wote na kuungua pale pale chini ya lenzi; G husogea kushoto, na ukirudia doa lilelile unapata jibu jingine. Kaa chini ya miliwati 1, ongeza muda wa kupokea mwanga, kisha rudia doa la kwanza mwishoni uone kama limebadilika. Saga sampuli vizuri na upime madoa 10 au zaidi, maana kifuu hakichomeki sawasawa kote. Kabla ya yote, hakikisha kipande cha silikoni cha kusawazishia mashine kinakupa kilele cha 520.5 cm⁻¹.

Kwenye kuchambua, ondoa mstari wa msingi kwa njia ileile kwa sampuli zote tatu, kwa mfano mstari ulionyooka kutoka 800 hadi 1900. Kisha sema wazi kama umetumia kimo cha kilele au eneo lililo chini yake. D ya mkaa ni pana mno, hivyo uwiano wa maeneo huwa mkubwa kuliko wa vimo. Wengi huchanganya hivi viwili na kulinganisha visivyolingana. Vilevile usiweke namba zako kando ya za mtu aliyetumia leza ya 785: kwake D husogea hadi karibu 1310, na uwiano hupanda bila mkaa kubadilika.

Kinundu kipana utakachokiona kati ya 2500 na 3100 usikiite grafini (tabaka moja la atomi za kaboni). Kifuu hutoa kaboni ngumu isiyogeuka grafiti kirahisi, na nyuzi 900 hazitoshi hata kuanza.