Wadogo zangu wa jotoardhi, andikeni ubavuni mwa chupa

Wiki iliyopita tumerudi Arusha kutoka Ziwa Natron na vijana wawili wapya. Nilipofungua kreti la sampuli za maji ya chemchemi, tunazotafutia jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, nikakuta alama zote zimeandikwa kwenye vifuniko. Nikavuta kiti, nikakaa kwanza. Sikuwagombeza, maana kosa hilo nalijua nje ndani.

1. Chupa huandikwa ubavuni, tena kabla haijalowa.

Mwaka wangu wa kwanza na mimi niliandika kwenye vifuniko, kwa kuwa chupa zilikuwa zimelowa na wino haukushika. Jua la saa saba pale Engare Sero mnalijua, unatamani kumaliza tu. Nilichuja vizuri, chupa mbili kwa kila chemchemi: moja ya kationi (chembe zenye chaji chanya, kama magnesiamu) ya kutiwa asidi ya nitriki ili zisigande, nyingine ya anioni (zenye chaji hasi, kama bikaboneti) isiyoguswa. Kisha nikafungua chupa zote kwa mpigo, vifuniko nikavipanga juu ya boneti ya gari, nikatia asidi, nikafunga. Kifuniko kipi kilirudi wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa fuateni kilichotokea. Baadhi ya chupa zilizostahili asidi zikakaa siku kadhaa bila asidi. Magnesiamu ya maji ya magadi ni chache tangu mwanzo, na hiyo chache ikaganda, ikatua chini ya chupa. Maabara wakapima kilichobaki. Nikazichukua namba zao nikaziingiza kwenye jiothemomita ya potasiamu na magnesiamu, hesabu ya kukadiria joto la chini ya ardhi kwa madini yaliyomo majini, na hesabu ile mnaijua: magnesiamu ikipungua, joto linapanda. Likapanda kweli. Jioni ile nilimpigia mama simu Kibosho kumwambia tumepata joto la kuendesha mitambo ya umeme. Akashukuru Mungu kwa sauti, na mpaka leo sauti ile naisikia.

Asubuhi yake mkuu wangu aliniita, akanimiminia chai, akauliza swali moja: "Urari wa ayoni umefunga?" Yaani chaji chanya na hasi za majini zimelingana? Sikuwa nimeukokotoa. Nilipoukokotoa mbele yake, chupa tatu za "anioni" hazikuwa na bikaboneti hata chembe. Maji ya Natron, magadi matupu, yakose bikaboneti! Asidi ilikuwa imeifukuza yote ikapotea hewani. Mzee yule hakupaza sauti. Alinieleza tu kwamba kisima kimoja cha kuchoronga kilomita mbili au tatu kwenda chini hula mamilioni ya dola, na kwamba mahali pa kuchoronga huchaguliwa kwa namba kama hizi za kwangu. Tukapanga kurudi, mvua za Aprili zikatufungia njia. Tulisubiri hadi Juni. Miezi yote hiyo mama alikuwa akiniuliza mitambo imefikia wapi.

Kwa hiyo nikiwasimamia na kalamu ya wino usiofutika, msinune.

2. Asidi hupimwa kwa karatasi, haihesabiwi kwa matone. Maji ya magadi huimeza asidi, na matone yanayotosha chemchemi za kwingine hapa hayafui dafu. Endelea mpaka pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ishuke chini ya 2.

3. pH ya maji yenyewe ipimwe pale pale chemchemini. Ukiipima hotelini Mto wa Mbu, unapima maji mengine.

4. Jina lisiwasafirishe. Watu wanatoka Moshi na Arusha kwenda Chemka, kule Boma Ng'ombe, wakijua ni chemchemi ya moto. Wakijitupa majini wanakuta hayana moto wowote. Tia kipimajoto kwanza, habari za jina baadaye. Lakini wachungaji wasikilizeni. Kuna chemchemi tuliyoipita mara mbili, imefichwa na matete, mpaka kijana wa Kimaasai mwenye mbuzi akatushika mkono. Tangu siku ile siteremki kwenye gari bila kuwaamkia walionitangulia mahali hapo.

5. Msidharau joto dogo. Nawaona nyuso zinavyosawijika sampuli isipofika nyuzi 200, kana kwamba kazi ya jotoardhi ni turbini peke yake. Majirani zetu Wakenya wanazalisha umeme Olkaria tangu 1981, kwenye bonde la ufa hili hili, na huko huko Naivasha lipo shamba la maua linalopasha vitalu vyake kwa joto la ardhini. Aisilandi, nyumba tisa kati ya kumi hupata joto kwa njia hiyo. Ila maji ya moto hayasafiri mbali bila kupoa, basi ukipata nyuzi 80 uliza jirani ni nani: ana nini cha kukausha, cha kupasha, cha kuoshea? Liandikeni hilo kwenye daftari la uwandani, mstari ule ule wa joto.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tunaondoka tena kwenda kurudia zile chemchemi za wiki iliyopita. Chupa tutaziandika Jumapili hapa kwangu Sakina, zikiwa kavu, na mama watoto amesema atapika makande.