Masters ukiwa kazini: tasnifu ya malipo ya kontrakta ianzie kwenye faili

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mkadiriaji majenzi kwa kontrakta mmoja hapa Dodoma, huku nasoma masters. Mada yangu ilikuwa "sababu za kuchelewa kwa miradi ya ujenzi Tanzania", supavaiza kaikataa, anasema ni pana mno na imeshafanywa sana. Bosi wangu anataka kitu cha kumsaidia kwenye malipo yanayochelewa na yuko tayari kunipa data. Nina miezi tisa na kazi siwezi kuacha. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Supavaiza wako yuko sahihi kabisa. Assaf na wenzake kule Saudi Arabia mwaka 1995 walishaorodhesha sababu 56 za kuchelewa kwa miradi, na tangu hapo watu wanazunguka na dodoso la namna ile ile nchi baada ya nchi, weka tiki 1 mpaka 5, piga wastani, panga ya kwanza hadi ya mwisho, na kwetu jibu la "malipo yanachelewa" halikosi kuwa kwenye nafasi za juu. Bosi wako hilo analijua bila masters. Asichokijua ni hela inakaa kwenye meza ya nani na siku ngapi, na wewe unalo faili la malipo ambalo mtu wa nje anaweza kuliomba mwaka mzima asilipate.

Kwa hiyo kalifungue kwanza, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa propozo. Kwa kila setifiketi ya malipo (hati inayothibitisha kiasi mnachotakiwa kulipwa) tafuta tarehe nne: siku mliyopeleka maombi, siku konsaltanti (anayesimamia mradi kwa niaba ya mwenye mradi) aliyosaini, siku klaenti, yaani mwenye mradi, aliyopokea, na siku hela iliposoma benki. Weka pia kiasi mlichoomba na kilichopitishwa, na kama maombi yalirudishwa andika yalirudishwa kwa nini (vipimo vya saiti havijasainiwa, kazi za nyongeza hazina maelekezo ya maandishi, BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, haioani na mlichodai, yale yale unayoyaona kila siku). Miradi sita yenye setifiketi kumi kumi ni rekodi 60, kwa masters ya kuchunguza kwa kina inatosha vizuri. Na kama tarehe zimekamilika kwenye mradi mmoja tu, heri ulijue wiki hii ubadilishe swali kuliko kulijua mwezi wa sita.

Swali lako sasa linakuwa dogo na lina meno: kati ya kupeleka maombi na kupata hela, siku zinaishia hatua gani, na maombi ya namna gani ndiyo yanakwama zaidi? Angalia kwamba swali hili linaweza kuwarudia nyie wenyewe. Inawezekana sehemu kubwa ya muda inaliwa kabla setifiketi haijasainiwa kwa sababu maombi yanatoka saiti yakiwa na mapengo, na hapo bosi ana kitu cha kurekebisha kesho asubuhi bila kumsubiri klaenti. Mwambie mapema kwamba jibu linaweza kuwa hilo.

Halafu soma mkataba wa kila mradi, usichukulie kwamba yote ni sawa. Mfano kwenye FIDIC kitabu chekundu cha 1999 (mkataba wa ujenzi wa mfano unaotumika kimataifa), mhandisi, yaani konsaltanti anayesaini, ana siku 28 za kutoa setifiketi na klaenti anatakiwa alipe ndani ya siku 56, zote mbili zinaanza kuhesabiwa mhandisi akishapokea maombi na viambatanisho vyake, wala siyo 56 juu ya 28 kama wengi wanavyopiga. Mikataba mingine inahesabu toka tarehe ya setifiketi. Ukikosea hapa, "ucheleweshaji" wote kwenye tasnifu yako ni namba za bure.

Kwenye hesabu kuna jambo moja nakuomba sana usilipite. Zile setifiketi ambazo hadi leo hazijalipwa, usizitoe. Ukizitoa unabaki na zile zilizolipwa tu na picha inakuwa nzuri kuliko ukweli, maana sugu ndizo umezitupa nje. Ipo njia ya Kaplan-Meier, watu wa tiba wanaitumia kwa wagonjwa ambao utafiti unafungwa wakiwa bado hai, inakubali kusema "hii imefika siku 140 na bado". Programu ya takwimu ya R ni bure na inaifanya, SPSS pia inaifanya. Na badala ya wastani ripoti namba ya katikati (median), kwa sababu setifiketi mbili za mwaka mzima zinaweza kuuvuruga wastani wote.

Mahojiano yafuate baada ya namba. Watu nane mpaka kumi na wawili wanatosha, wakadiriaji wa konsaltanti, wahasibu wa klaenti, mameneja wa saiti, na usiwaulize "kwa nini malipo yanachelewa", waulize kuhusu setifiketi fulani iliyokaa siku fulani kwao. Majibu yanakuwa ya kweli zaidi.

Miezi tisa inatosha ukitumia miwili ya mwanzo kwa faili, propozo na vibali, mitatu kwa data na mahojiano, inayobaki ni kuandika, na uandike sura ya mbinu wakati bado unakusanya, usingoje.

Mwisho ni ruhusa, na hapa bosi kukubali kwa mdomo haitoshi. Pata barua ya kampuni inayosema faili zipi utatumia, kwamba miradi itaitwa A, B, C, kwamba bei za vipengele vya BOQ hazitatoka, na kwamba chuo kitaweka tasnifu maktaba hata kama matokeo hayapendezi. Taarifa za klaenti zilizomo humo angalia mkataba unasemaje kuhusu usiri. Barua hiyo iseme pia kwamba jedwali lako la tarehe lisilo na majina unaruhusiwa kubaki nalo, kwa sababu ukihama kazi mwezi wa tano bila hicho kipengele, utafiti unabaki ofisini kwao.