Maswali ya Wasomaji: Vigae Vinavyolia Vitupu

SWALI: Assalamu alaikum, Ndugu Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wanne na tunaishi Kisauni katika nyumba yetu wenyewe. Miezi mitatu iliyopita tulitia vigae vya poseleni sebuleni na bafuni, na kazi tukampa kijana wa jirani yetu ambaye tumemwona akikua hapa mtaani. Vifaa tulinunua wenyewe kwa shilingi 85,000, na ujira wake ulikuwa shilingi 18,000, ambao tumemlipa isipokuwa 3,000. Sasa kigae kimoja kimepasuka chini ya mguu wa kabati la vyombo, vingine vikikanyagwa vinatoa mlio wa utupu, na bafuni maji yanajikusanya mlangoni badala ya kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Fundi anasema nyumba ndiyo inayokaa, yaani inazama kidogo ardhini, na kwamba atakuja kujaza grauti upya. Mume wangu anaona tunyamaze kwa ajili ya ujirani. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usimruhusu fundi kujaza grauti kabla sakafu haijakaguliwa. Grauti huziba nafasi iliyo baina ya kigae na kigae. Haiwezi kuingia chini ya kigae kilichobandikwa vibaya, wala haiwezi kubadilisha mteremko wa bafu. Akishaijaza, nyufa zitafichika kwa wiki chache, nawe utakuwa umepoteza ushahidi na muda.

Hoja yake kwamba nyumba inakaa inaweza kupimwa kwa macho. Jengo linapotikisika au kuzama upande mmoja, ufa haukai ndani ya kigae kimoja, bali hupita katika vigae kadhaa kwa mstari, na mara nyingi huonekana pia ukutani au kwenye pembe za milango. Kigae kimoja kilichopasuka chini ya mguu wa kabati, huku majirani zake wakilia vitupu, kina maelezo mengine: chini yake hakuna kitu. Mafundi wengine, ili wamalize haraka, huweka vibonge vitano vya saruji, vinne pembeni na kimoja katikati, kisha hukandamiza kigae juu yake hadi pima maji iseme kimesawazika. Kwa juu kazi hupendeza sana. Kwa chini hubaki mapango, na uzito wowote unaoangukia juu ya pango hukivunja kigae. Njia iliyo sawa ni kutandaza gundi kwa mwiko wa meno, sakafu nzima, na kukisukuma kigae mpaka mistari ya gundi ilale na kujazana. Viwango vinavyotumika Marekani hudai gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae katika vyumba vikavu, na asilimia 95 mahali penye maji kama bafuni.

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, ugonge kila kigae katikati na katika pembe zote nne, na kila kinacholia kitupu ukitie alama ya chaki. Kisha piga picha chumba kizima kutoka juu ya kiti, ili mpangilio wa alama uonekane. Bafuni mwaga ndoo ya maji, subiri robo saa, na upige picha mahali yaliposimama. Sakafu ya bafu hutakiwa kushuka takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Baada ya hapo mwite fundi, na akiwepo yeye mwenyewe, mking'oe kile kigae kilichokwisha kupasuka. Mgongo wake utasema yote. Ukiwa msafi na una madoa matano tu, ubishi umekwisha.

Lakini haki inataka tumtendee haki na yeye. Unasema vifaa mlinunua wenyewe. Poseleni hunywa maji kidogo mno, nusu ya asilimia ya uzito wake au chini ya hapo, kwa hiyo uji wa saruji tupu hauna pa kupenya ili ushike, tofauti na vigae vya kawaida vya udongo ambavyo wazee wetu wa ufundi walivilowesha kwanza. Ikiwa dukani mlichukua mifuko ya saruji badala ya gundi ya vigae ili kupunguza gharama, na kijana akawaonya, sehemu ya hasara ni yenu. Ikiwa hakuwaonya, lawama inarudi kwake, kwa sababu ninyi mlimwajiri ili ayajue yale msiyoyajua. Suala la mteremko wa bafu, hata hivyo, halina uhusiano na gundi wala duka. Ni mkono wake peke yake.

Kuhusu ujirani, sikubaliani na mzee wa nyumba, ingawa naielewa nia yake. Mkinyamaza, manung'uniko yatatoka kwa njia nyingine, na kijana ataipeleka kazi hiyohiyo nyumba ya pili. Mwiteni pamoja na mzazi wake, na ikibidi mzee wa mtaa awepo, mumwonyeshe picha bila kumvunjia heshima. Kisha muandikiane karatasi moja: vigae vipi vitang'olewa, nani atanunua vipya, kazi itaanza tarehe gani na kumalizika lini. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani hufikiria ujira peke yake, ilhali hasara kubwa imo katika vifaa. Kigae kilichong'olewa ni nadra kutoka kizima, na zile 3,000 mlizozishikilia hazitafika popote. Bafu nakushauri livunjwe sakafu yote, kwa sababu mteremko hausahihishwi kwa viraka. Sebuleni vinaweza kung'olewa vile vyenye chaki tu.

Akikataa kabisa, sheria iko upande wenu. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia kila mtoa huduma kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutamka. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo hapa Mombasa, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mpelekee kwanza fundi barua ya madai yenye tarehe, na uhifadhi risiti za duka, ujumbe wa malipo ya M-Pesa, zile picha, pamoja na kile kigae chenye mgongo mtupu. Usikitupe.

SWALI: Nyumba yetu ya Likoni imetiwa vigae juzi, na baina yake kunatoka unga mweupe ambao ukipanguswa hurudi. Je, fundi ametuibia saruji?

JIBU: Huo unga ni chumvi, wala si dalili ya wizi. Unyevu huiyeyusha chumvi iliyomo ndani ya saruji, mchanga au maji, huipandisha juu, kisha maji yakikauka chumvi hubaki. Huku kwetu chanzo mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi au mchanga wa ufukweni usiooshwa, kwa hiyo mwulize fundi alichanganya kwa maji gani na mchanga aliutoa wapi. Pangusa kwa brashi kavu, usideki, kwa sababu kila tone huyeyusha tena. Ukipungua wiki hadi wiki, ni unyevu wa ujenzi unaokauka. Ukiendelea baada ya masika kupita, maji yanapanda kutoka ardhini au kuna bomba linalovuja, na fundi wa kuitwa hapo ni wa mabomba kabla ya wa vigae.