Shangazi, tupande Gingilos au tushuke Samaria?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Kypseli hapa Athens, nafanya kazi za ndani. Mwezi wa sita nina likizo ya siku nne, nakwenda kisiwa cha Crete na wenzangu wawili. Wenzangu wanataka kushuka korongo la Samaria. Mimi nimeona picha ya mlima Gingilos ulio juu yake na moyo umebaki huko. Yote mawili yanawezekana siku moja? Na mtu asiyewahi kushika kamba atafika kileleni?
Mama Zawadi, Athens

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote mawili siku moja, hapana. Njia zote zinaanzia Xyloskalo, ukingoni mwa uwanda wa Omalos, kama mita 1,230 juu ya bahari, kisha zinaachana kabisa. Ya korongo inateremka kilomita 16 mpaka Agia Roumeli, kijiji kisicho na barabara ya gari, na kutoka huko unaondoka kwa boti. Ya Gingilos inapanda hadi mita 2,080 na kukurudisha ulipoanzia. Kama mna siku moja tu, mimi nakwambia panda. Ndani ya korongo utaona kuta zake. Juu ya Gingilos utaliona korongo lenyewe, lilivyoupasua mlima, na siku isiyo na ukungu utaiona na bahari ya Libya kule kusini.

Kamba haihitajiki. Mpaka chemchemi ya Linoseli ni njia ya miguu, ina kona nyingi za kupanda, kisha inapita chini ya tao la mwamba ambalo halikujengwa na mtu. Baada ya chemchemi kuna mteremko wa mawe madogo yanayoteleza, na juu yake tandiko la mlima, yaani pale mgongo wa mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, penye upepo wa kukuvua kofia. Hapo unakunja kushoto, na kuanzia hapo miguu peke yake haitoshi, mikono nayo inaingia kazini.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mlima ule ni wa mawe ya chokaa. Umewahi kutembea peku kwenye miamba ya matumbawe kule kwetu pwani, bahari ikiwa imekupwa? Basi ni ndugu na ule. Mvua inauyeyusha mwamba kidogo kidogo, inauacha na makali kama ya kisu, na mara ya kwanza kiganja changu kilichanika kwa kuegemea tu. Zile glavu nene za kazi ulizo nazo nyumbani, zitie kwenye begi. Maji ya mvua hayakai juu, mlima unayanywa yote, ndiyo maana huko hukuti hata kijito. Kila mmoja abebe lita mbili na ajaze tena Linoseli. Na pale maji yanapopenyea pamechimbika mashimo yanayoshuka wima, mengine karibu na njia. Fuateni alama za rangi na vijirundo vya mawe, msikate njia. Safari yangu ya kwanza ukungu ulishuka tukiwa tumeshapita tandiko, alama ya mbele haionekani, ya nyuma haionekani. Tulikaa chini, tukashikana mikono, ulipopungua tukarudi. Nililia siku ile, lakini ningerudi tena vilevile.

Mkiwaona mbuzi juu yenu, simameni mpaka wapite, kwa kuwa wanaporomosha mawe. Labda mtabahatika kumwona kri-kri, mbuzi mwitu wa Crete. Hifadhi ya taifa ya Samaria iliyoanzishwa mwaka 1962 imemfaa sana. Na njiani uangalie mti uitwao ambelitsia, majani madogo yenye meno pembeni. Unaota Crete tu, duniani kote hauko kwingine. Wachungaji walikuwa wakichonga bakora zao kwa mti huo. Mimi kila nikipita naushika shina. Ninyi msivunje hata kijiti.

Muda: kwenda na kurudi hesabu saa sita pamoja na mapumziko. Anzeni saa moja asubuhi kama mna gari. Saa saba mchana ikiwakuta hamjafika, geukeni, hata kama kilele mnakiona. Kushuka ndiko kunakochosha magoti, na yale mawe madogo ya juu ya Linoseli yanateleza zaidi mtu akichoka. Anayetangulia asikae sawasawa chini ya mwenzake: jiwe nililolitikisa mimi kwa unyayo lilimpita mwenzangu sikioni.

Kama mnategemea basi, ulizeni stendi ya mji wa Chania jioni ya kuamkia safari, ya kwenda na ya kurudi pia, mwandike saa kwenye karatasi. Simu huko juu msiitegemee.