Majani ya karanga yakipukutika, si lazima ziwe zimekomaa

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Niko Urambo, nina eka mbili za karanga zenye miezi miwili na nusu. Majani yana madoa meusi, ya chini yanapukutika. Jirani anasema zimekomaa, ning'oe. Ni kweli?

JIBU: Weka jembe chini kwanza. Huo ni ugonjwa wa madoa ya majani, unaletwa na ukungu, na jirani yako si wa kwanza kuudhania ukomavu. Hata mbegu za muda mfupi huhitaji kama siku 90.

Chuma jani lenye doa uligeuze. Doa la kahawia lenye duara la njano kwa juu, mara nyingi ni aina iitwayo madoa ya mapema. Likiwa jeusi tii kwa chini, na ukilipapasa linakwaruza kidole, ni aina ya pili, madoa ya baadaye. Huo mkwaruzo ni vishungi vya vimbegu vya ukungu. Kimbegu kimoja kimoja hukioni bila hadubini. Ukikuta unga wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu, ugonjwa mwingine.

Vimbegu hivyo husambazwa na upepo na matone ya mvua. Vikitua kwenye jani bichi lililoloa, baada ya wiki mbili hivi unaona madoa mapya. Jani likidondoka, punje hazina wa kuzilisha. Shamba lisilotibiwa linaweza kupoteza nusu ya mavuno.

Sasa ng'oa mashina manne, kila moja pembe yake ya shamba. Pasua maganda utazame ndani: jeupe, bado, lenye kahawia iliyokolea, tayari. Zikishakuwa tayari usizicheleweshe, maana vikonyo vya mmea mgonjwa hukatika na karanga zinabaki udongoni.

Dawa? Klorothalonili au mankozebu hukinga jani lisilo na doa, haziponyi lenye doa. Kama majani ya juu bado ni kijani, pulizia juu na chini kwa kipimo cha kibandiko. Kama yamebaki vijiti, tunza hela yako. Majani yaliyopuliziwa usiwape mbuzi.

Msimu ujao eka hizo panda mahindi, na karanga upeleke kwingine, mapema mvua zinapoanza. Mabaki ya sasa yafukie chini kabisa, na maotea, yaani karanga zinazojiotea zenyewe, yang'oe yakichomoza tu. Ukungu hujificha humo.