Skrini ya projekta ya kushuka na kupanda: anza na kimo cha dari, inchi baadaye

Mkuu, umesema sebule ni mita 4.5 kwa 5.5, dari ya jipsamu iko mita 3 juu, TV ya inchi 65 imeshafungwa ukutani, na unataka skrini ya umeme ya inchi 120 ishuke mbele yake siku za mechi na filamu. Projekta unayo, ile ya kawaida ya kukaa mbali. Ukauliza ununue skrini gani na fundi aifunge vipi.

Inawezekana. Ila wengi huanza na inchi na rangi ya kitambaa, halafu wanakwama kwenye vitu viwili ambavyo muuzaji hakuviuliza: weusi wa juu na unyoofu wa kitambaa.

Weusi wa juu ni kile kipande cheusi kati ya kasha (boksi refu ambamo kitambaa hujikunja) na mwanzo wa picha. Kazi yake ni kuishusha picha hadi usawa wa macho. Chukua futi upige hesabu. Skrini ya inchi 120 ya uwiano wa 16:9 ina picha yenye upana wa sentimita 266 na kimo cha sentimita 149. Mtu aliyekaa kwenye sofa macho yake yako kama mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni, na inapendeza yaangukie theluthi ya chini ya picha. Kwa hiyo ukingo wa chini wa picha uwe kwenye sentimita 70 hivi, na wa juu utafika 219. Dari iko 300. Ukitoa kasha la sentimita 10, unahitaji weusi wa sentimita 71.

Sasa geukia maboksi ya dukani. Skrini nyingi zilizo tayari huja na weusi wa sentimita 20 au 30 tu. Ukiibana ya 30 kwenye dari yako, picha itaanza mita 1.11 kutoka sakafuni na kupanda hadi mita 2.60. Hapo mtaangalia mpira shingo juu kama waliokaa safu ya kwanza ya sinema. Na usidanganywe kwamba mota "ikifunguliwa zaidi" itashusha kitambaa kingine. Kilichobaki kwenye rola ni mizunguko michache ya kukishikilia tu. Ukiimaliza, uzito wote unahamia kwenye gundi na kitambaa kinaachia.

Suluhisho ni mawili. Agiza skrini yenye weusi mrefu (wauzaji wa kuagiza huuliza vipimo kabla hujalipa, vitoe kwa sentimita), au ishushe skrini yenyewe kwa minyororo au vyuma vya meno vya M8 (vyenye meno ya nati urefu wote, unene milimita 8), sentimita 40 chini ya dari. La pili si zuri kwa macho wakati skrini imefungwa, lakini linafanya kazi na ni rahisi. Ukutani usihangaike: kasha lazima lining'inie mbele ya uso wa TV kwa angalau sentimita 5, na TV yenye mkono wa ukutani tayari imetoka sentimita kadhaa. Kama chini kuna meza ya TV iliyochomoza sentimita 40, pima kutoka ukingo wa meza, maana chuma cha chini cha skrini kitagonga pale.

Kuhusu ukubwa: inchi 120 inafaa kama sofa iko kati ya mita 3.7 na 4.9 kutoka kwenye skrini, inchi 100 kama iko kati ya 3 na 4. Sofa yako ikiwa imeegemea ukuta wa nyuma, 120 si kubwa mno. Kumbuka tu kwamba upana wa picha si upana wa kasha. Jumlisha fremu nyeusi za pembeni, mota na vifuniko. Kasha la inchi 120 hukaribia mita 3. Hakikisha halikutani na bomba la pazia wala mlango unaofunguka.

Mwanga wa projekta nao una hesabu yake. Usiamini "lumeni 9000" zilizochapishwa kwenye boksi. Tafuta namba ya ANSI, yaani lumeni zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Picha ya inchi 120 ina eneo la karibu mita za mraba 4. Projekta ya ANSI 500 kwenye kitambaa cheupe cha kawaida itakupa takriban kandela 40 kwa kila mita ya mraba, na sinema za kidijiti hulenga 48. Kwa hiyo ANSI 500 kwenye giza totoro inatosha kwa filamu, ila mechi ya saa kumi jioni na madirisha wazi, sahau. Ukiwa na 2000 unapata kama 160, na hapo unaweza kuacha taa ya pembeni.

Kitambaa cheupe kisichong'aa, chenye geini (nguvu ya kurudisha mwanga kwa watazamaji) ya 1.0 au 1.1, ndicho ningekishauri kwa chumba chenye mapazia mazito. Cha kijivu kinasaidia weusi wa picha kidogo kama chumba kina mwanga wa hapa na pale, lakini kinakula mwanga wa projekta, kwa hiyo projekta dhaifu usiikutanishe nacho. Vya geini kubwa viepuke: katikati huwaka, na aliyekaa pembeni anaona picha iliyofifia. Pesa ya kwanza iende kwenye mapazia. Skrini nyeupe hairudishi mwanga wa projekta peke yake, inarudisha na wa dirisha.

Sasa unyoofu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Skrini ya kushuka ya kawaida inanyooshwa na uzito wa chuma cha chini tu. Pembeni hakuna kinachoivuta. Baada ya miezi michache kingo hujikunja kuelekea ndani na mawimbi ya umbo la V hujitokeza, hasa kitambaa kikiwa ni PVC (plastiki laini) tupu. Picha iliyotulia inaweza kuficha mawimbi hayo. Kamera ya mpira ikianza kutembea kulia na kushoto, mistari ya uwanja inayumba kama iko chini ya maji. Skrini za tensheni zina kamba nyembamba kila upande, zimepita kwenye vishikizo vilivyoshonwa pembeni ya kitambaa, na zinakivuta nje muda wote. Kingo zake zimekatwa kwa mkunjo kidogo kuelekea ndani, ndivyo utakavyoitambua hata kwenye picha ya tangazo. Bei inapanda sana, lakini kwa inchi 120 ningechukua hiyo. Kama bajeti haifiki, shuka hadi inchi 100 yenye kitambaa kilichotiwa nyuzi za kioo kwa nyuma. Hiyo ni bora kuliko 120 ya PVC ya bei poa. Na nitasema jambo ambalo wauzaji hawalipendi: ukuta uliopigwa skimu ukanyooka, ukapakwa rangi nyeupe isiyong'aa, unaishinda skrini yenye mawimbi. Wewe una TV pale, ndiyo maana tunazungumzia skrini.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aishushe yote na aiache dakika 20. Kisha simama ubavuni, washa tochi ya simu, uilaze karibu na kitambaa ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Kila wimbi litatupa kivuli. Ukiitazama kwa mbele chini ya taa za duka hutaona kitu. (Mwenye projekta ya kukaa chini ya ukuta asithubutu skrini isiyo na tensheni kabisa: mwanga wake unapiga kwa mshazari huohuo wa tochi, na wimbi la milimita 2 linageuka kuwa mlima.)

Kufunga. Jipsamu haibebi skrini. Skrini ya inchi 120 ya tensheni inaweza kufika kilo 20 na kuzidi, na kila ikifika mwisho wa mwendo inatingishika. Hata blanda za 2x2 zilizoshika jipsamu zimepigiliwa kubeba jipsamu, si hiyo. Fundi apande kupitia mlango wa dari, alaze mbao ya 2x4 ikatize angalau kenchi mbili, aifunge kwa bolti au skrubu ndefu za inchi 4. Misumari inayovutwa chini hutoka polepole. Kisha vyuma vya meno vya M8 vipite kwenye mbao, washa pana na nati mbili juu, vitoboe jipsamu na kushuka hadi kwenye mabano ya kasha. Kama juu ni zege, tumia vishikio vya kutanuka vya M8 vinavyoingia kwenye tundu la milimita 10, na upulize vumbi lote kabla ya kugonga, la sivyo vinazunguka bila kushika. Kwa atakayefunga ukutani: lipu peke yake haishiki kitu, plagi ya plastiki ya milimita 10 iwe ndefu ya kutosha kuvuka lipu na kuzama ndani ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali. Kanuni ni kwamba kila nukta ya kushikia iweze kubeba skrini nzima peke yake.

Usawa usiupime kwa kufuata dari wala konishi, hizo hazijanyooka. Pima maji ya futi 2 nayo haitoshi kwa kitu cha mita 3. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule mafundi wanaoutumia kwenye msingi, ndio sahihi: jaza maji, toa mapovu yote, weka alama pande mbili, tofauti isizidi milimita 2. Kasha likiinama upande mmoja, kitambaa kinajivingirisha kuelekea huko, kingo zinasugua kifuniko, na wimbi la mshazari linazaliwa ambalo hakuna marekebisho ya mota yatakayoliondoa. Kasha refu lililoshikwa ncha mbili tu nalo hulegea katikati. Kama lina mabano ya kuteleza, ongeza la tatu katikati. Wakati wa kuinua, watu wawili washike kasha, mtu asishike chuma cha chini.

Umeme. Mota ya ndani ya rola huwa na nyaya nne: bluu ni nyutro, ule wenye mistari ya kijani na njano ni ardhi, kahawia na nyeusi ni za kupanda na kushuka. Ipi ni ipi hutegemea upande ambao mota imekaa, kwa hiyo jaribu. Ikienda kinyume badilishana hizo mbili. Kosa linaloua mota ni kupeleka moto kwenye kahawia na nyeusi kwa wakati mmoja. Swichi ya taa ya vitufe viwili inaruhusu hilo, usiitumie. Tafuta swichi ya mapazia ya umeme, ambayo kitufe kimoja kinazuia kingine. Wala usiunge skrini mbili sambamba kwenye swichi moja, mota moja hurudisha umeme kwa nyingine kupitia limiti (swichi za ndani zinazoisimamisha mota mwisho wa mwendo). Skrini zinazokuja na rimoti zina kisanduku kinachoshughulikia hayo, wewe unachomeka tu. Waya wa 1.5 unatosha, na kwenye plagi ya pini tatu weka fyuzi ya ampia 3 badala ya 13 inayokuja nayo.

Kama projekta ina tundu la volti 12 la kuamrisha na skrini inalo pia, pitisha waya mwembamba wa nyuzi mbili sasa, kabla dari haijazibwa. Projekta ikiwaka skrini inashuka yenyewe.

Limiti ni skrubu mbili ndogo kwenye kichwa cha mota, moja ya juu moja ya chini, zenye mishale. Zungusha nusu mzunguko, jaribu, zungusha tena. Limiti ya juu iache chuma cha chini kidogo nje ya mdomo wa kasha; kikivutwa hadi kigonge, mota inaendelea kulazimisha na kitambaa kinachanika pale kilipogundishwa. Fundi akishajaribu mara nane mfululizo mota itazima ghafla. Haijaungua. Mota hizi zimetengenezwa kufanya kazi kama dakika 4 mfululizo, zikipata moto hujikata. Subiri dakika 20.

Halafu kuna pangaboi. Kwanza, likizunguka juu ya skrini isiyo na tensheni, kitambaa hupepea kama tanga. AC inayopuliza kwa mbele hufanya vilevile. Pili, angalia njia ya mwanga: projekta ikiwa juu kuliko mapanga, kivuli kitapita kwenye picha kila zunguko. Lenzi ishushwe chini ya mapanga, na kwa projekta nyingi za kawaida iwe karibu na usawa wa ukingo wa juu wa picha, wako ni sentimita 219. Ukiining'iniza hapo kichwa chini, ikatazama skrini moja kwa moja, hutahitaji kunyoosha picha kwa menyu. Kunyoosha kwa menyu hutupa sehemu ya pikseli ulizolipia.

Kwa walio Pwani: usiikunje skrini ikiwa na unyevu, ukungu hutoka kama madoadoa meusi na haufutiki. Ifungue saa moja kila wiki hata kama hamuangalii kitu. Doa lifutwe kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo, kwa kugusagusa tu. Spiriti inaondoa rangi ya juu na kuacha alama inayong'aa. Na mjusi kafiri anapenda ule mwanya wa kasha kuliko unavyodhani, kwa hiyo kabla ya kuipandisha baada ya kukaa chini muda mrefu, mulika kwanza nyuma ya kitambaa.